Vitobo Vitatu

Kila mwezi wa pili, Volasoa na mumewe Jaozara walishinda shambani wakitia alama vanila yao. Jaozara alikuwa na kizibo chenye pini tatu. Kila tunda bichi alilitoboa vitobo vitatu. Wezi wa vanila ni wengi pwani ile, na tunda lenye alama ya mtu haliuziki kirahisi.

"Wewe unaipenda vanila kuliko mimi," Volasoa alimtania.

"Wewe hakuna wa kukuiba, mke wangu."

"Ebo! Niache njiani uone!"

Wakacheka. Mwezi uliofuata kikaja kimbunga.

Upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri. Walijibanza ndani, wao na Befeno, mdogo wake Jaozara. Mchana upepo ukakata ghafla. Jua likatoka, jamani, jua kabisa!

"Kimeisha," alisema Jaozara. Akachukua panga. "Nakwenda shambani kabla wezi hawajaokota vanila iliyoanguka."

"Haya nenda, urudi upesi wali usipoe," alisema Volasoa.

Ni yeye aliyesema nenda. Neno hilo lilimkaa kooni mwaka mzima.

Haukupita muda mrefu, upepo ukarudi, safari hii kutoka kaskazini, na mkali kuliko ule wa kwanza. Kesho yake Jaozara alikutwa chini ya mfenesi ulioangukia njia.

Matangani alikuja jirani yao, Bi Honorine. Yeye ndiye aliyefundishwa na watu wa hali ya hewa, na ndiye aliyepandisha bendera za tahadhari kijijini.

"Kimbunga huzunguka, wanangu, kama uji ukiukoroga," alisema. "Katikati pana utulivu. Hilo ndilo jicho lake. Likipita juu yenu mtaona jua, lakini nusu ya kimbunga bado iko nyuma. Inakuja na upepo wa upande wa pili."

"Sasa mtu atajuaje kimeisha kweli?" aliuliza Befeno.

"Bendera nyekundu maana yake kaa ndani, hata jua likiwaka. Ngoja redio itangaze, na mimi nipite na bendera ya buluu. Hapo toka, tena kwa uangalifu."

"Na wezi je?"

"Mwizi naye ana mama, Befeno. Akitoka atakufa vilevile."

Volasoa akainua uso. "Mimi ndiye niliyemwambia aende."

"Hukujua, mwanangu."

"Sikujua," alisema, akaangua kilio. Bi Honorine alimkumbatia, naye akalia.

Mwaka uliofuata Volasoa na Befeno waliitia vanila alama kwa kizibo kilekile cha Jaozara, na kimbunga kikarudi. Mchana upepo ukakata, jua likatoka. Befeno akanyakua panga. Volasoa akaketi mlangoni.

"Shemeji, nipishe. Wezi hao!"

"Waibe yote."

"Ile ni vanila ya kaka!"

"Kaka yako nilimwambia nenda. Wewe sikwambii. Ukitaka kutoka, nikanyage."

"Mwoga we!"

"Ndiyo, mwoga. Kaa chini."

Befeno akakaa, kanuna. Muda si muda upepo wa kaskazini ukafika, ukang'oa paa la jiko lote. Befeno akamshika shemeji yake mkono, wala hakuuachia hadi jioni.

Asubuhi Bi Honorine alipita na bendera ya buluu, matope hadi magotini. "Mmepona?"

"Tumepona wote," Volasoa alijibu. Mwaka huo kijijini hakufa mtu.

Ndipo wakaenda shambani. Vanila ilikuwa imetapakaa chini, kila tunda na vitobo vyake vitatu. Befeno akashangaa.

"Shemeji, hawakuiba hata moja!"

"Najua," alisema Volasoa. "Hata mwaka jana hawakuiba. Tulipotoka kumzika nilipita hapa peke yangu. Yote ilikuwa chini, na alama yake."

Befeno akaliweka panga chini. Wakainama, wakaanza kuokota.