Nusu Nyingine ya Mwezi

Nyumbani kwa kina Chepkemei, kule Kiamunyi, siku ilianza kwa sauti ya Baba akisoma peke yake jikoni. Daktari Kimutai alikuwa mtaalamu wa nyota. Alifundisha katika chuo kikuu, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini aliketi kando ya meko akiandika vitabu vya kuwaelezea watoto mambo ya angani. Alikuwa na mazoea ya kuisomea birika kila sentensi aliyoandika. Sentensi ikimkwama mdomoni, aliifuta. Ikiteleza vizuri, alijipongeza kwa kijiko kingine cha sukari, mpaka Mama akaanza kuificha sukari.

Majirani walimpenda, ingawa wengi wao hawakujua hasa alikuwa daktari wa nini. Mara kwa mara mtu alibisha hodi akiwa amekumbatia kuku anayekohoa. Baba alieleza kwa upole kwamba yeye ni daktari wa nyota, kisha akamchunguza yule kuku hivyo hivyo, kwa kumheshimu mgeni.

Chepkemei, aliyekuwa Gredi ya Sita, alikuwa na kazi yake katika vitabu hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Baba alimpa kurasa pamoja na penseli, na agizo lilikuwa moja tu: popote atakapopotea, aweke alama. Alipokuwa mdogo aliweka alama karibu kila mahali, na Baba alirudi mezani kwa furaha kuandika upya.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamebadilika. Shuleni wenzake walikuwa wamembandika jina la Profesa. Mwalimu akiuliza swali lolote la sayansi, macho ya darasa zima yalimgeukia yeye. Jina lile lilimpendeza. Polepole akaanza kuona kwamba ni aibu kwa mtoto wa mtaalamu wa nyota kupotea katika kitabu cha baba yake mwenyewe. Alama za penseli zikapungua, kisha zikaisha kabisa.

Jumatano moja Baba alimpa sura mpya. Ilieleza kwa nini mwezi hubadilika umbo, leo ukaonekana mwembamba kama ukucha na baada ya siku kadhaa ukawa mviringo. Chepkemei aliisoma mara ya kwanza, hakuambulia kitu. Aliirudia, akaona maneno yanapita tu machoni bila kuingia kichwani. Mwishowe alizipanga kurasa vizuri na kumrudishia Baba zikiwa safi.

"Nimeelewa yote," alisema.

Baba alifurahi sana. Alimwambia kwamba sura hiyo ndiyo iliyomsumbua kuliko zote, na kama yeye ameielewa basi kitabu kiko tayari. Angekituma kwa mhariri wake, Bi. Abby, Ijumaa jioni. Chepkemei alitabasamu, lakini usiku ule hakulala upesi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Wamaitha alikuwa akifundisha sayansi alipoitwa ofisini. Aliwaambia wanafunzi waendelee kuulizana maswali, na akamwomba Chepkemei asimamie darasa. Chepkemei alisimama mbele kwa madaha, chaki mkononi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Zeddy, rafiki yake aliyeketi karibu na dirisha, aliponyanyua mkono.

"Profesa, hebu tazama pale nje," Zeddy alisema. "Mwezi uko juu na ni mchana. Tena ni nusu tu. Hiyo nusu nyingine imeenda wapi?"

Wote walikimbilia dirishani. Kweli mwezi ulikuwa pale, mweupe kama kipande cha wingu, upande wa mashariki, kule mtaa wa Bahati. Chepkemei aliitafuta sura ya Baba akilini mwake, asipate hata sentensi moja. Darasa lilimtazama likingoja. Angeweza kusema hajui, lakini Profesa atasemaje hajui?

"Imefunikwa na kivuli cha dunia," alijibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, akaliandika jibu lake ubaoni.

Wenzake walirudi vitini wakalinakili. Zeddy peke yake ndiye aliyebaki amekunja uso. Alisema kwamba jua liko kule na mwezi uko huku, sasa hicho kivuli kimepitaje? Chepkemei alimwambia kwamba hayo ni mambo makubwa, atayaelewa akifika sekondari. Wanafunzi wakacheka, na Zeddy akainamisha kichwa. Aliposikia viatu vya mwalimu vikirudi, Chepkemei aliufuta ubao haraka haraka.

Njiani kurudi nyumbani alitembea peke yake. Kilichomuuma zaidi ni kile kichwa cha Zeddy kilichoinama. Alijua kwamba swali la rafiki yake lilikuwa zuri, na kwamba yeye alilizima kwa kuwa hakuwa na jibu. Halafu akakumbuka kitabu. Kama yeye, aliyezaliwa katikati ya darubini na ramani za nyota, hakuelewa sura ile, mtoto wa mahali pengine ataielewaje? Na jioni hiyo hiyo kilikuwa kinatumwa. Akaanza kukimbia.

Alimkuta Baba jikoni akikanda unga wa chapati, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Baba alisema kwamba anamalizia kukanda, anawe mikono, kisha akitume kitabu.

"Baba, usikitume," Chepkemei alisema. Kifua kilikuwa kikimpanda na kushuka. "Ile sura ya mwezi sikuielewa. Nilikudanganya."

Baba aliacha kukanda. Chepkemei akamweleza yote, jina la Profesa, jibu la kivuli, na jinsi alivyomwaibisha Zeddy. Machozi yalimtoka kabla hajafika mwisho. Baba alivuta kigoda, akaketi.

"Sikukupa kurasa zile ili nikupime akili," alisema. "Nilitaka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ulipozirudisha safi, uliniacha nitembee gizani nikidhani kuna mwanga."

Maneno hayo yalimchoma Chepkemei, lakini Baba hakuwa na hasira. Alianza kumweleza upya kuhusu mwezi, taratibu, akichora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Alipomaliza alimtazama. Chepkemei alitamani sana kuitikia kwa kichwa na kusema ndiyo.

"Bado, Baba," alisema.

Baba akajaribu njia nyingine. Bado. Akajaribu ya tatu, akizunguka meza huku amenyoosha mikono, yeye akiwa mwezi na kikapu cha vitunguu kikiwa dunia. Chepkemei alicheka, na bado hakuelewa, na akasema hivyo. Alishangaa kuona kwamba kila aliposema bado, neno lenyewe lilikuwa jepesi zaidi kulitamka.

Baba alikuna kichwa, akajipaka unga kwenye nywele. Kisha akasimama ghafla, akachukua donge moja la chapati, akalifinyanga likawa mviringo kama mpira, akalichoma kwa uma.

"Twende nje," alisema.

Uani jua lilikuwa limeanza kuteremka magharibi, na mwezi ulikuwa juu kabisa, nusu yake ikionekana. Baba alimpa Chepkemei ule uma na kumwambia aunyanyue mpaka donge lionekane kama limekaa kando ya mwezi. Chepkemei alifumba jicho moja, akanyoosha mkono.

Alitazama, akatazama tena. Upande mmoja wa donge ulikuwa unang'aa kwa jua na mwingine ulikuwa na giza. Nusu ya donge ilifanana na nusu ya mwezi kama pacha na pacha.

"Jua linaangaza upande wake mmoja tu," alisema polepole. "Ile nusu nyingine haijaenda popote. Ipo, ila haina mwanga."

Baba alimwambia ageuke taratibu akiwa ameunyoosha mkono vile vile. Chepkemei akazunguka, na mbele ya macho yake sehemu yenye mwanga ikanenepa, ikajaa, kisha ikaanza kukonda hadi ikawa ukucha. Kumbe mwezi nao, ukiizunguka dunia, hutuonyesha sehemu kubwa ya upande wake wenye mwanga siku hii, na sehemu ndogo siku ile. Alizunguka tena na tena mpaka akapata kizunguzungu, akaanguka kwenye nyasi akicheka, na Baba akacheka naye. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kazini, aliuliza kwa nini chakula chake kinachezewa nje.

Jioni hiyo Baba alimpigia simu Bi. Abby kumwomba muda zaidi, kisha akaiandika sura upya, ikianza na donge la chapati.

Ilibaki kazi moja, nayo ilikuwa ngumu zaidi. Jumatatu Chepkemei alimwomba Mwalimu Wamaitha ruhusa ya kuzungumza na darasa. Aliwaambia wenzake kwamba jibu la Ijumaa lilikuwa la uongo, kwamba hakujua na aliona aibu kusema. Kisha akamgeukia Zeddy.

"Swali lako lilikuwa sahihi," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Zeddy alimtazama kidogo, halafu akauliza, "Kwa hivyo hiyo nusu ilienda wapi?" Watu wakaangua kicheko, na Chepkemei akajua amesamehewa.

Akawasimulia habari za donge la chapati. Wakati wa michezo, Mwalimu Wamaitha aliwatoa wote uwanjani na madonge ya udongo waliyoyachoma kwa vijiti. Mwezi ulikuwa umenenepa tangu Ijumaa, na madonge yote yaliyonyanyuliwa kuuelekea yalikuwa yamenenepa vile vile. Kelele za furaha ziliwatoa walimu wengine ofisini, nao wakaomba madonge.

Waliporudi darasani, Mwalimu Wamaitha aliwaambia, "Chepkemei alipojifanya anajua, darasa zima lilipotea pamoja naye. Aliposema hajui, sote tumejifunza, hata mimi. Kutojua si kosa. Kosa ni kuficha kwamba hujui. Asiyeelewa aseme, na anayeulizwa asimcheke."

Kisha akafungua kitabu cha hisabati na kuanza kueleza namna ya kugawanya sehemu. Alipouliza kama wameelewa, sauti kadhaa ziliitika ndiyo, kama kawaida. Chepkemei alinyanyua mkono.

"Mwalimu, mimi bado."

Zeddy akanyanyua wake. Nyuma yao ukanyanyuka mwingine, na mwingine, mpaka nusu ya darasa ilikuwa na mikono juu. Mwalimu Wamaitha aliitazama mikono ile, akacheka, akafuta ubao wote, akaanza upya.