Saa Tatu ya Ilagala

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Ujiji, na sasa naishi Kasingirima peke yangu. Zamani nilikuwa na mume, Hamza. Sote wawili tuliandika programu za kompyuta, na majirani walitutania kwamba siku moja tutazaa kibodi...

Wenye boti za abiria walitupa kazi ya tiketi. Hamza alitengeneza mfumo wa kuandikisha abiria kule Ilagala, akauandika kwa PHP. Mimi nikaandika wa mjini kwa Python. Hizo ni lugha mbili tofauti, lakini mfumo wake uliupelekea wangu taarifa katika mpangilio wa JSON, ambao pande zote mbili zinaweza kuusoma: jina la abiria, boti, saa ya kuondoka. Wangu ukijibu "imepokelewa", tulijua mambo yamekwenda sawa.

Kabla hatujaanza, Hamza aliniambia, "Mke wangu, tukae kwanza tukubaliane kila kitu kina maana gani." Nilimcheka. Nikamjibu kwamba jina ni jina na saa ni saa.

Akawa anakwenda Ilagala kila wiki kuwafundisha makarani. Jioni moja nikaliona jina lake kwenye mfumo wangu: ataondoka 03:00, yaani saa tisa usiku. Nikajua alfajiri atakuwa nyumbani, nikamwandalia uji. Akaja kuingia adhuhuri. Nikamwuliza kwa sauti tamu ameondoka saa ngapi. "Saa tatu," akasema, akanawa mikono, akala.

Saa tatu? Na mfumo unasema saa tisa usiku! Saa sita nzima alikuwa wapi? Kwa nani?

Sikumwambia nilichokiona. Mtega mtego hapigi kelele, nilijisemea. Wiki iliyofuata yakawa yaleyale, na iliyofuata tena. Nikaanza kunusa mashati yake. Akileta samaki, migebuka, kutoka sokoni Mwanga, nilijiuliza nani alimchagulia. Hata upole wake niliutilia shaka... mume asiye na kosa anakuwaje mpole hivyo?

Mwishowe nikamwita shangazi aliyenilea, nikadai talaka mbele yake. Hamza aliapa hana mwanamke. "Basi nionyeshe huo ushahidi, mke wangu," akaniomba. Nikakataa, maana yeye ni fundi, nilijua atanizungusha kwa maneno. Shangazi akasema, "Mwanangu, mtu huulizwa." Sikumsikia. Hamza akatoa talaka, akabeba begi lake, akahamia Ilagala. Nililia sana, lakini moyoni nilijiona mjanja.

Miezi ikapita, mimi na wenye boti tukaanza kuwatumia abiria ujumbe wa simu. Mama mmoja muuza dagaa akaja ofisini kwetu Mwanga, amefura kwa hasira. "Nyie watoto, mashine yenu imeniambia boti ni saa tisa usiku. Nimekaa ufukweni Ilagala na baridi yangu mpaka saa tatu asubuhi!"

Nikafungua taarifa zilizotoka upande wa Hamza. Penye saa palikuwa na tarakimu moja tu: 3. Makarani waliandika saa kama wanavyoitamka, saa tatu ya asubuhi. Mfumo wangu uliisoma kwa saa ya kompyuta, inayoanza kuhesabu usiku wa manane. Abiria wote walikuwa na kosa hilohilo. Wote! Mimi nilikuwa nasoma jina moja tu.

Nikapanda boti kwenda kumwomba radhi. Hamza aliniletea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mashine uliiuliza," akasema taratibu. "Mimi hukuniuliza." Kisha mwanamke akatoka ndani na chai, akanikaribisha, akaniita dada. Alikuwa mke wake.

Ndugu zangu, nawasihi. Ujumbe kupokelewa si kueleweka. Wivu ukikuingia, kaa na mwenzio umwulize wazi, na umwonyeshe kinachokuuma, hata kama unaogopa jibu. Mimi nilikataa kukaa mara ya kwanza, nikakataa na ya pili.

Na mnajua nilifanya nini kwenye boti nikirudi? Nilihesabu miezi. Walijuana lini hawa? Kabla ya talaka, au baada? Nilikuwa nimetoka kumwomba radhi, machozi hayajakauka... na nikawa nimeshaanza tena.