Maji Aliyoyaacha Séverin

Jua lilikuwa linazama upande wa pili wa uwanja wa mbio za farasi, pale Greyville, Séverin alipoteremka kununua tango. Tango moja tu. Si la kula yeye. Yeye chakula kilikuwa hakimpiti kooni tangu Jumanne ya wiki iliyopita, siku aliyofiwa na mke wake. Tango lilikuwa la kambale.

Usicheke. Mwaka ule wa 1998, Mkongo anayefuga samaki wa mapambo ndani ya chumba kimoja cha kupanga alikuwa kichekesho cha ghorofa nzima. Séverin alifanya kazi ya kuosha matangi ya kioo kwenye duka la samaki, na ndiko alikowapata: kambale wadogo, weusi, wenye midomo ya kunyonya kioo. Wana aibu, hao. Mchana hujificha, taa ikizimwa ndipo hutoka kula. Aliyewapenda hasa ni mkewe, Médiatrice. Alifunga tochi kwa karatasi nyekundu ya peremende, kwa kuwa kambale hawaujali mwanga mwekundu, akawa anawachungulia gizani. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Kila alipoliona dume ndani ya kipande cha bomba la udongo, halili, halitoki, linapepea mayai kwa mapezi yake usiku na mchana, alisema, "Ona baba anavyojua kazi."

Asubuhi ya siku aliyokufa, mayai mapya yalikuwa ndani ya bomba. Kifua ndicho kilichomuua. Alikufa kitandani, akikohoa, akitafuta hewa, vidole vyake vimemshika Séverin mkono.

Sasa, kwao Médiatrice, upande wa ziwa, mtu akifia ndani ya nyumba, maji yote yaliyomo humwagwa nje juu ya udongo kabla jua halijazama. Ndoo, birika, hata glasi ya kando ya kitanda. Roho ikitoka huyakimbilia maji, na ikishaingia haijui njia ya kutoka. Hubaki humo, inakufa upya kila jioni.

Séverin alimwaga vyote. Isipokuwa tangi la kambale.

Aliporudi na tango lake, alimkuta Antoinette amesimama mlangoni. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa amepanda taxi kutoka Glenwood, anakoishi, kitambaa cha msiba bado kichwani.

"Shemeji, maji ulimwaga yote?"

"Yote, yaya," alijibu; kwao yaya ni dada mkubwa.

Akafungua mlango. Harufu ikawapokea... mafuta ya nywele, yale ya nazi, aliyokuwa akirudi nayo Médiatrice kila siku kutoka saluni alikofanya kazi. Na sakafu ilikuwa imelowa. Nyayo ndogo, za mtu asiye na viatu, kutoka kwenye tangi hadi kitandani.

Antoinette alizitazama. Kisha akatazama kwenye kona, pampu ilikokuwa ikitoa mapovu.

"Na hii?" akanong'ona.

"Iko na mayai ndani. Nikitoa maji yote mara moja, yatakufa."

"Mayai ya hawa samaki inachukua siku ngapi kupasuka?"

Séverin akageuka, akaanza kulikata tango.

"Séverin."

"Tano."

"Na leo iko ya ngapi?"

"Ya tisa."

Saa ya kambale kula ilikuwa imefika. Séverin akazima taa, kwa mazoea tu. Giza likaingia. Pampu ikanguruma...

Ikanyamaza.

Ndipo wakakisikia. Kikohozi. Kidogo, chenye maji, cha mtu anayetafuta hewa na haipati. Kilitoka ndani ya kioo.

Séverin akawasha tochi nyekundu. Baba kambale hakuwa kwenye bomba. Alikuwa amejibana pembeni, mapezi ameyafunga, anatetemeka. Lakini mayai yalikuwa yanapepewa. Polepole. Kushoto, kulia...

Vilikuwa vidole.

Vinne, vyembamba, na rangi ya kucha aliyozikwa nayo.

"Médi," Antoinette akaita. "Mdogo wangu."

Vidole vikasita. Kikohozi kikaja tena, kirefu, na mapovu yakapanda juu ya maji.

"Kila jioni iko hivi?" Antoinette aliuliza.

"Kila jioni."

"Na ulimwacha tu?"

Séverin akaanza kulia, kilio cha mwanaume aliyechoka kujidanganya. "Siyo mayai, yaya. Nilijua. Siku ile ile nilijua. Nilitaka abakie. Hata akiwa hivi."

Antoinette hakumpiga, ingawa mkono uliinuka. Alichukua ndoo.

Walichota bila kuzungumza. Wakapanda na kushuka ngazi, wakimwaga kwenye udongo nyuma ya jengo, chini ya kamba za nguo. Séverin aliwatia kambale kwenye beseni la maji ya bomba, akasahau dawa ya kusafishia maji iliyomo. Yeye, fundi wa matangi! Kufikia asubuhi wote walikuwa wameelea. Mayai, yaliyokuwa yameharibika zamani, yaliyeyuka mkononi mwake.

Ndoo ya mwisho, waliyoifunika kwa kifuniko, Antoinette aliishika kwa mikono miwili.

"Hii niachie mimi. Maji ya kwanza kumwogesha nilimwaga mimi, alipozaliwa."

Alishuka nayo. Hakurudi. Séverin akadhani kilio kimemzidi, amepanda taxi kwenda kwake.

Sakafu ikakauka. Harufu ikaisha. Chumba kikawa chumba tu, na Séverin akalia kuliko alivyolia makaburini, kwa sababu safari hii mkewe alikuwa ameondoka kweli.

Jumapili ya pili alikwenda Glenwood. Kanisani walisema Antoinette haonekani. Antoinette alimfungulia mlango nusu, macho mekundu, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko.

"Rudi kwako, shemeji."

Lakini nyuma yake, bafuni, mtu alikohoa.

Séverin akamsukuma kando, akaingia. Beseni la kuogea lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na mvuke ulikuwa unapanda. Kando yake, birika.

"Nilimchemshia," Antoinette alisema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa. "Alisema anasikia baridi."

"Yaya... anakufa kila siku."

"Najua."

"Wewe ndiye uliniambia tumwage."

"Najua. Nilifika na ndoo chini, pale kwenye kamba. Nikashindwa."

Séverin alipiga magoti. Aliuona mnyororo wa kizibo, umening'inia pale pale, kuuvuta ni jambo la sekunde moja. Akaingiza mkono ndani ya maji. Vidole vinne vikaushika, kwa nguvu, kama siku ile kitandani.

Alikaa hivyo mpaka maji yakapoa. Kisha akainuka, akachukua birika, akaenda kuchemsha mengine.