Kabla ya Kununua Mota

Mgeni hakupiga hodi. Mishi alisikia nyundo uani, ko, ko, ko, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mtu asiyemjua, mwenye kaptura ya kaki, alikuwa akipigilia kigingi chekundu karibu na kamba yake ya kuanikia nguo.

"We bwana! Uwanja huo una wenyewe!"

"Samahani, mama. Nilidhani hamna mtu. Naitwa Odhiambo, napima njia ya umeme. Nguzo ya mwisho ya hapa Magongo itasimama hapa."

Chini ya paa la makuti, ubavuni mwa nyumba, sauti ya kerezo ilinyamaza. Badi, mume wa Mishi, aliweka patasi chini. Boga, mvuta kamba wake, akaiachilia kamba.

Badi alikuwa fundi wa matendegu, yaani miguu ya vitanda. Kwenye kerezo lake mti ulishikwa kati ya misumari miwili. Boga aliuzungusha kwa kamba, akivuta huku na huku tangu asubuhi hadi alasiri. Badi aliushikia patasi, nao ukatoka na shingo na mafundo mazuri. Kwa siku moja walitoa matendegu manne. Baba yake Badi pia alitoa manne.

"Umeme hapa hapa?" Badi aliuliza.

"Hapa hapa. Anayeutaka apeleke ombi ofisini na shilingi mia na themanini kabla ya tarehe ishirini. Baada ya hapo mafundi wanahamia upande mwingine. Wakienda, kurudi kwao labda mwaka ujao."

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na moja.

Mishi alimtazama mumewe, akajua anafikiri nini. Badawi, mwenye duka la vitanda mjini, alikuwa amewapa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata: matendegu mia mbili, ya vitanda hamsini vya nyumba ya wageni. Miti aliileta mwenyewe. Kazi iwe tayari mwezi ujao, tarehe thelathini. "Ukikosa, Badi, naipeleka kiwandani," alikuwa amesema, "na kazi ikishaingia kiwandani hairudi. Si ubaya. Wageni wangu hawawezi kulala chini."

Mishi alikuwa amesoma miaka miwili katika darasa la akina mama pale Changamwe. Alikwishapiga hesabu. Manne kwa siku hayafiki mia mbili.

Mchana ule Badi hakula vizuri kwa furaha.

"Kuna mota nimeiona Mwembe Tayari," alisema. "Shilingi mia tano. Kubwa hivi! Kesho naifuata."

"Na umeme?"

"Hukumsikia? Mia na themanini."

"Akiba yetu ni mia sita na arubaini. Hapo tu hazitoshi, mume wangu."

"Zitapatikana. Mtu akiwa na mota yake, umeme atanyimwa? Mishi, mwaka huu wa sitini na moja watu wote wanasema nchi inakwenda mbele. Sisi tubaki tunavuta kamba?"

Boga alikuwa akila kando yao. Aliosha mikono kabla sahani haijaisha, akatoka.

Asubuhi Badi alioga, akavaa kanzu. Fedha zote alizifunga katika leso na kuzitia kifuani. Mishi alisimama mlangoni.

"Nipishe. Basi litaniacha."

"Ngoja kidogo."

"Mpaka mtu mwingine ainunue?"

Wakati huo Odhiambo alikuwa uani tena, akiomba maji. Mishi alimpa kata, lakini hakuondoka mlangoni.

"Bwana Odhiambo, nijibu jambo moja. Hizo mia na themanini zinafikisha umeme wapi?"

"Zinaufikisha ukutani, mama. Ndani yake mna amana pia, na kuvuta waya kutoka nguzo mpaka nyumbani."

"Na kutoka ukutani mpaka kwenye kerezo?"

"Hiyo ni juu yenu. Mtamtafuta fundi mwenye cheti. Yeye atafunga nyaya, swichi kubwa na taa. Kwa kazi ya hapa, kama mia na hamsini. Akimaliza anakuja mkaguzi. Mkaguzi asiporidhika, umeme hauwashwi."

Odhiambo alizunguka ubavuni, akatazama juu, akatazama chini. Juu palikuwa na makuti makavu. Chini, vumbi la mbao lilifika kwenye vifundo vya miguu. Alitikisa kichwa.

"Hapa hataridhika. Cheche moja tu, na nyumba yote imekwenda. Mota itahitaji banda lake la mabati, mbali na makuti haya."

Badi alipandwa na hasira. "Wewe jana ulisema mia na themanini! Leo kila neno lako lina bei!"

"Jana nilisema bei ya ofisi, bwana. Hamkuniuliza bei ya mota kuzunguka."

"Umekuja kupima njia au kunivunja moyo?"

"Badi!" Mishi alisema. "Mgeni huyo."

Odhiambo hakuchukia. Aliketi juu ya gogo. "Sikiliza, fundi. Kule Mtopanga kuna bwana alianza kwa kununua mota. Fedha zikamwishia kabla ya waya. Mpaka leo kuku wanataga juu yake. Tena mota yenyewe haikuwa ya aina ya umeme anaoweza kuletewa. Umeuliza ya kwako ni ya aina gani?"

Badi alipapasa leso kifuani. Hakuwa ameuliza.

Mishi aliokota penseli ya fundi na kipande cha ubao. "Taja moja moja," alisema. "Polepole."

Akaandika. Ofisi, mia na themanini. Fundi wa nyaya na vifaa vyake, mia na hamsini. Mabati na miti ya banda, tisini. Bili ya mwezi wa kwanza, thelathini, maana mota inakula umeme kabla kazi haijalipwa. Mota, mia tano. Akajumlisha, akajumlisha tena.

"Mia tisa na hamsini."

Walikuwa na mia sita na arubaini. Kama Badi angepanda basi lile, wangebaki na mota, na shilingi mia na arubaini, na tarehe ishirini ingewapita.

"Basi hatuwezi," Badi alisema kwa sauti ndogo. Aliketi chini na kanzu yake safi.

"Sijasema hivyo," alijibu Odhiambo. "Kerezo si kinu cha kusagia mahindi. Mota ndogo inatosha. Mia mbili na arubaini utapata nzuri. Lakini iwe ya mwisho kununua, na fundi wako aione kwanza."

Mishi alifuta mia tano, akaandika mia mbili na arubaini. Jumla ikawa mia sita na tisini. Pengo lilibaki hamsini tu. Moyo ulianza kumtulia.

"Na mimi mmeniandika wapi?"

Alikuwa Boga. Alisimama nyuma yao, kamba imezungushwa mkononi.

"Mota ikija, kamba itavutwa na nani? Miaka tisa niko hapa, bwana fundi. Nauliza tu, nijue."

Mishi aliona haya. Aliandika mabati, aliandika miti ya banda, na mtu aliyekuwa akizungusha ule mti kila siku hakumwandika.

Badi alisimama. "Boga, huendi popote. Utajifunza patasi. Mwezi huo wa kujifunza nitakulipa kama kawaida. Na tendegu la kwanza la umeme litatoka mkononi mwako."

"Usiseme kwa ajili ya kunituliza, bwana."

"Nimesema."

Mishi aliandika: Boga, sitini na tano. "Na weka kitu kwa yale mliyoyasahau," Odhiambo alisema. "Lazima yapo." Pengo sasa lilifika mia na hamsini ukitia na hilo.

"Tuombe arbuni kwa Badawi," Mishi alisema.

Badi aligeuka upesi. Katika ukoo wao fundi alilipwa kazi ikiisha. Aliyeomba arbuni, watu walisema amefilisika. "Baba yangu hakuomba hata siku moja."

"Baba yako hakufunga umeme. Wala huombi sadaka. Mwonyeshe hesabu aone fedha yake inakwenda wapi."

Badi alikwenda. Mishi alikuwa amenakili hesabu katika karatasi safi, na Badawi akaisoma amesimama dukani, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari.

"Nani ameandika hii?"

"Mke wangu."

"Mimi nina karani hawezi hivi." Akahesabu mia na hamsini. "Lakini sikiliza. Miti yangu nimeihesabu. Ukiharibu mmoja, nunua mwingine. Na tarehe thelathini ni tarehe thelathini."

Tarehe kumi na saba Badi alilipa ofisini. Mishi aliikunja risiti na kuitia sandukuni. Banda likajengwa, nyaya zikafungwa, huku Boga akizidi kuvuta kamba. Mkaguzi alikuja, akakuta swichi moja imefungwa vibaya, akaondoka. Siku nne zilipotea. Mishi hakulala vizuri hata moja. Mkaguzi alipokuja tena, alitia sahihi.

Umeme uliwashwa tarehe ishirini na tano ya mwezi uliofuata. Matendegu mia na arubaini yalikuwa tayari. Ilibaki miti sitini na siku tano, bila mti wa ziada.

Badi alifunga mti wa kwanza kwenye kerezo. Mota ndogo ilinguruma, mkanda ukakaza, mti ukazunguka hata lisionekane fundo. Badi alicheka kama mtoto. Halafu akazima, akamnyooshea Boga patasi.

"Shika."

Boga alirudi nyuma. "Si leo, bwana fundi. Tumalize kazi ya watu kwanza. Mimi nitangoja."

"Nilisema la kwanza."

Boga aliipokea kwa mikono miwili. Badi alimwonyesha namna ya kusimama, mahali pa kuegemeza mkono. Vumbi likaanza kuruka. Bega la tendegu likatokea, halafu shingo. Boga akatabasamu, na mkono ukateleza. Patasi ilizama, mti ukakatika vipande viwili.

Mota ilizimwa. Boga aliokota vile vipande. Shilingi sita za mti, na nusu siku ya kwenda kuutafuta. Mishi alijua. Badi naye alijua.

"Chukua patasi yako, bwana," Boga alisema. "Umetimiza. Nimekereza."

Badi aliinama, akachukua mti mwingine wa Badawi, akaufunga kwenye kerezo.

"Sikusema utavunja la kwanza. Nilisema litatoka mkononi mwako. Bado halijatoka." Akasimama nyuma ya Boga. "Mishi, washa."

Mishi alihesabu kichwani mara moja. Ukivunjika huu, ni shilingi kumi na mbili, na labda tarehe thelathini yenyewe. Akawasha.

Lilitoka saa nne na nusu, shingo yake nene kidogo, mafundo yake sawa. Badi alilipapasa juu mpaka chini, akaliweka pamoja na yale mia na arubaini. Kisha akavaa viatu, akaenda kununua mti wa shilingi sita.