Mnada wa Viungo vya Hermani

Aliyelalamika kuhusu chumvi alikuwa Hermani, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Severina alikuwa amepiga magoti jikoni akipuliza moto, akasikia sauti ya mumewe ikitoka chumbani, nzito na safi, ikisema uji hauna chumvi. Akaitika, akachukua kopo la chumvi, akatoka. Alikuwa amefika katikati ya ua ndipo akakumbuka kwamba Hermani hajatamka neno la kueleweka tangu mahindi yavunwe.

Alimkuta kwenye kiti chake, amefungwa kanga kifuani ili asiangukie mbele, mate yakimtoka upande mmoja wa mdomo. Uji ulikuwa mezani, bado haujaonjwa. Macho yake yalikuwa kwenye kona nyuma ya kabati, na mwanamume huyo aliyewahi kusimama mbele ya fahali aliyekata kamba bila kurudi nyuma alikuwa anatetemeka. Chumba kilinuka tope, lile la mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Kwenye kona hapakuwa na mtu.

Hermani alikuwa mnadi wa ng'ombe. Siku ya mnada Dongobesh ilikuwa siku yake; wafugaji walioswaga mifugo kutoka mbuga za Hanang walisubiri asimame yeye ndipo wafungue zizi, kwa sababu sauti yake iliweza kumfanya ndama mgonjwa aonekane mtaji. Basi ugonjwa ukaanzia hapo hapo, kwenye ulimi. Maneno yakaanza kuteleza, watu wakasema amelewa, naye pombe alikuwa haigusi. Kisha misuli ya mikono ikaanza kuchezacheza yenyewe chini ya ngozi. Daktari wa hospitali ya rufaa aliwaeleza bila kuzunguka: neva zinazoendesha misuli zinakufa, mikono itafuata, miguu itafuata, mwisho kifua. Dawa ya kuponya haipo. Ipo ya kupunguza kasi kidogo, na ipo namna ya kumlisha asipaliwe.

Hakuna aliyetaka kusikia hayo. Kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na mti wake. Mlonge, mwarobaini, vitunguu swaumu vilivyolowekwa kwenye asali, mizizi ya kuchemsha na mizizi ya kutafuna, na kila mmoja alikuwa na binamu aliyepona, na binamu huyo siku zote anaishi mbali. Waliumimina uchungu huo kooni mwa mtu asiyeweza kumeza maji, akapaliwa hadi midomo ikabadilika rangi, wakasema dawa inafanya kazi. Walizungumza juu ya kichwa chake mtu mzima akiwa amekaa hapo. Hermani alikuwa bado anaweza kujibu, neno moja kwa dakika nzima, lakini nani alikuwa na dakika nzima ya kumpa? Severina ndiye aliyemjibia. Amekula, hajalala, anasema asante. Alimpenda sana, na alimjibia kila kitu.

Wa mwisho alikuwa Nikolausi, yule anayeuza dawa za miti mnadani kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Huyu hakuleta chupa. Alisema mti wa ugonjwa huo ni mmoja tu, pale chemchemi ya Tumati, na sharti lake kila mtu wa huku analijua: mgonjwa anaenda mwenyewe, anataja jina lake na haja yake kwa mdomo wake, hata kama itamchukua asubuhi nzima. Hakuna wa kumsemea.

Severina alizaliwa kijiji cha Daudi, huku huku, sharti hilo alilijua tangu utotoni. Akampeleka kwa bodaboda, Hermani kafungwa katikati yake na dereva. Walikuta wanawake wanachota maji. Hermani akaanza, na jina lake likakataa kutoka. Alikoroma, akadondosha mate, akaanza upya, na wale wanawake wakaacha ndoo zao wakamtazama. Severina akaona aibu. Ilikuwa aibu tu, ya kawaida, ya mke mbele ya watu. Akaweka mkono kwenye gome la mti akasema haraka, "Huyu ni Hermani. Anaomba sauti yake irudi nyumbani." Akachimba mzizi, wakaondoka. Mzizi aliuchemsha, ukampa mumewe tumbo la kuhara na hakuna kingine.

Lakini sauti ilirudi nyumbani, kama ilivyoombwa. Mdomoni hakuna aliyeomba irudi.

Wazee wa Kiiraqw wana jina la vile vinavyokaa kwenye maji. Makanisa yalikuja yakaviita mapepo, watumishi waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine wanaviita majini, na vyenyewe havijali vinaitwaje. Hiki kilichokuja na sauti ya Hermani, mwanzoni, kilikuwa na adabu. Kilisalimia kutoka stoo, kilicheka nyuma ya mlango, kiliuliza kama Glory, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, amepiga simu. Severina alijua siyo mumewe, maana mumewe alikuwa mbele yake ametoa macho. Ila alikuwa ameikosa mno sauti ile, na siku moja akaijibu. Baada ya hapo akawa anamenya viazi huku anapiga soga na stoo, na Hermani ameketi pale pale anavuta pumzi kwa nguvu, akijaribu kusema neno ambalo hakuna aliyelisubiri.

Siku ya mnada ilipofika, mchana kweupe, sauti ikaanza kazi.

"Mkono wa kulia," ilinadi, ikipanda na kushuka vile vile kama zamani. "Umeshika fimbo tangu ujana. Nani anauchukua?"

Wanunuzi walikuwepo. Severina hakuwaona, lakini alisikia fimbo zikigongwa chini kwenye sakafu ya saruji, moja karibu na kitanda, nyingine dirishani, nyingine nyuma yake kabisa, na kwato zikisogeasogea mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya hata mbuzi kugeuka, na harufu ya tope ikapanda hadi ikawa ladha mdomoni.

"Mwenyewe anasemaje?" sauti iliuliza. Hermani akafungua mdomo, akahangaika. "Mwenyewe kimya. Umekwenda."

Mkono ambao asubuhi ile bado uliweza kubana vidole vya Severina ukaanguka pembeni ya kiti, na haukuinuka tena. Mnada uliofuata ukaenda wa kushoto, kisha miguu, kisha shingo, kichwa kikabaki kinaegemezwa kwa mto. Majirani walimkumbusha Severina kuwa daktari alisema itakuwa hivyo hivyo. Ni kweli, alisema. Ila daktari hakusikia zile fimbo. Na jioni waliyouza shingo, sauti ilitangaza kwa furaha kwamba mnada ujao wanauza pumzi.

Asubuhi yake Severina alikuwa Tumati, mlangoni kwa Mzee Akonaay, anayeitunza chemchemi ile kama baba yake alivyoitunza. Alimpa shikamoo, akapokea marahaba isiyo na joto lolote, akaeleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho huku amekunja uso.

"Ulimsemea," alisema.

"Nilimsemea, babu."

Akonaay akamweleza polepole, kwa sauti ya chini. Kitu kile kimeivaa sauti ya mnadi, na kazi ya kunadi ina sheria yake ambayo hata kile hakiwezi kuivunja. Ng'ombe hauzwi mpaka mwenyewe akubali. Akikaa kimya, amekubali. Akisema siuzi, mnada umevunjika, na mnadi anaondoka zizini. Basi Hermani aseme siuzi, kwa mdomo wake. Mtu mwingine yeyote akithubutu kujibu, atakuwa amejitangaza kuwa ndiye mwenye mali, na kitakachouzwa kuanzia hapo ni chake.

"Hawezi kutamka, babu," Severina alinong'ona.

"Mmemsubiri lini?"

Siku ya mnada mzee alifika asubuhi. Alinyunyiza maziwa kwa majani mabichi kwenye kila kizingiti, akamwinamia Hermani akamweleza kila kitu yeye mwenyewe, akimtazama machoni, na Hermani akafumba na kufumbua macho kuonyesha ameelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kuzungumza naye. Severina akakalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, akaambiwa azibe mdomo kwa mikono miwili.

Tope likanuka. Kwato zikajaa chumba.

"Pumzi," ilisema sauti, karibu kwa unyenyekevu. "Imebaki hii tu. Mwenyewe anasemaje?"

"Sss," alisema Hermani.

Sauti ikangoja, kama sheria inavyotaka. Hermani akavuta hewa, akaanza tena, "Sssi," na hapo ulimi ukakwama, uso ukajaa jasho, mishipa ya shingo ikasimama, na fimbo zikaanza kugongwa kwa pamoja, polepole kisha haraka, kwenye sakafu na kwenye kuta na kwenye miguu ya kile kiti, na Akonaay akamwonyesha Severina kiganja kumwambia atulie, mwache, anakuja, lakini Severina alikuwa haoni tena kiganja wala mzee, aliona midomo ya mumewe inabadilika rangi kama siku zile walipommiminia mizizi, aliona anapaliwa, aliona anakufa mbele yake kwa kukosa silabi mbili ambazo yeye alikuwa nazo tayari, na mikono yake ikashuka yenyewe.

"Siuzi," alisema.

Fimbo zikanyamaza. Akonaay akafumba macho.

"Asante, mama," ilisema sauti kwa upole. "Mwenye mali amejibu."

Kwato zikageuka zote kwa pamoja, zikaelekea mlangoni. Severina akahisi pumzi za moto usoni, nyingi, na tope likamjaa puani.

"...uzi," Hermani alimaliza. Neno lilitoka lote, limepinda lakini linaeleweka, nalo lilikuwa limechelewa kidogo tu. Alikuwa anapumua vizuri. Alimtazama mkewe, na machozi yakaanza kumtoka.

Severina alitaka kumwambia amemsikia. Ulimi wake ulikuwa umelala nyuma ya meno, unachezacheza wenyewe, na haukunyanyuka. Kutoka stoo sauti ya mwanamke, sauti yake mwenyewe, ile ile iliyozoea kusema amekula, hajalala, anasema asante, ikakohoa kidogo kusafisha koo, ikaanza kunadi.