Leso kwenye Mikoko

Bochaberi alishika tawi la mkoko kwa mkono mmoja, akakaza fundo kwa meno. Kayaki ikayumba chini yake. Kipande cha kwanza cha leso nyekundu kikaning'inia juu ya maji, kikionekana toka mbali, na hicho ndicho alichotaka: wageni wake wanaobaki nyuma wakiwapiga picha korongo wasikose njia tena.

Boti ya Faiz ikapita kwenye mlango wa mkono ule wa bahari, imejaa wageni wanaokwenda Manda Toto kuzamia na kutazama samaki. Bochaberi akainua kafi kumpungia. Faiz, kanzu ameikunja magotini, kofia ameisukuma nyuma kama kawaida yake, alitazama kitambaa kile cha kwanza pale mlangoni. Hakupunga. Akaongeza mwendo.

Jioni Bochaberi alipiga simu.

"Mpenzi, leo umenipita kama jiwe."

"Nalikuwa na wageni."

"Kila siku una wageni, na kila siku hupunga."

Kisha Faiz akauliza kwa sauti ya chini, "Leso yangu ilikukosea nini?"

"Ile nyekundu uliyonipa? Nimeitumia kazini."

"Nimeona. Haya. Kesho napakia vyombo vya kuzamia. Kesho kutwa naenda Kiwayu na wageni, msimu mzima."

"Msimu mzima? Na hukuniambia?"

"Nalikuwa sijaamua." Simu ikakatika.

Bochaberi hakulala vizuri. Walijuana kwenye gati ya Amu, katikati ya mizigo na punda, siku aliyoshuka kutoka Kisii akitafuta kazi ya kuongoza wageni. Faiz alimrushia jaketi la kuelea lililomfika magotini, akasema, "Vaa, Bi. Lisipokuokoa baharini, litakufaa kuwa kanzu." Bochaberi alicheka mpaka akasahau uchovu wa safari. Tangu siku hiyo, kutwa isiyo na sauti yake ilikuwa ndefu.

Asubuhi alikwenda jikoni kwenye nyumba ya wageni Shela, alikopika Barka, dada yake Faiz. Akamweleza yote.

Barka aliacha kukuna nazi. "Umeirarua?"

"Vipande vipande."

"Alikupa pande zote mbili, au mmoja?"

"Mmoja. Nilidhani wa pili uliisha dukani."

Barka akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Mwana wewe, nguo haziishi nusu. Kwetu nyumbani, mwanamume akitaka kutuma wazee hutenga doti nzima ya leso. Upande mmoja humpa mwanamke, mmoja hubaki nao. Ukiurudisha, humtaki. Ukiuvaa, wazee waje. Sasa kuurarua," akafuta machozi, "hilo hatuna jibu lake."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwetu hilo haliambiwi. Hujulikana."

"Mimi ningelijulia wapi, Barka?"

Barka akashusha mtandio. "Hapo una haki. Nenda, kabla hajamaliza kupakia."

Faiz alikuwa ufukweni, akipanga miwani ya kuzamia ndani ya boti. Bochaberi alisogeza kayaki ya watu wawili mpaka karibu.

"Panda."

"Nina kazi."

"Leo mgeni ni wewe. Ukiniona sina maana, nitakurudisha mwenyewe."

Alipanda. Walivuka, makafi yakipokezana, mpaka kwenye mlango wa mkono ule wa bahari. Kitambaa cha kwanza kilikuwa na herufi tatu za maandishi ya leso: UKI.

"Hiki nilikiona," alisema Faiz.

"Ulisoma kimoja. Endelea."

Kwenye kona ya pili, NIPO. Ya tatu, palipokuwa na ndege mdiria juu ya mzizi, KEA. Njia ya maji ilizidi kuwa nyembamba, matawi yakiwagusa mabega, tope likinuka chumvi. NITU.

"Ukinipokea, nitunze," Faiz alisema taratibu. Maneno yale aliyachagua mwenyewe dukani.

"Kona hizi ulinifundisha wewe," alisema Bochaberi bila kugeuka. "Siku niliyopotea humu na wageni wangu, ulikuja kunitoa, hukunicheka. Ukiwa Manda Toto, mimi huwa huku nikikuwaza. Nilitaka kwenye kila kona niione nguo yako. Kabatini ningeiona mara ngapi?"

Faiz aliweka kafi mapajani. Kayaki ikaenda yenyewe.

"Wazee wangu watauliza dini yako."

"Wangu wamekwisha kuuliza yako."

"Ukawajibuje?"

"Kwamba hunipungia kila unapopita. Mama akasema hilo halijajibu swali."

Faiz alicheka, mara ya kwanza tangu jana. "Ni kweli, halijajibu. Tutakwenda kwao, na kwetu, wote wawili. Watakataa kwanza."

"Najua."

"Na upande wangu uko salama. Usije ukauona ukatamani kuurarua."

"Sitauona mpaka uulete mwenyewe."

Mbele yao njia ya maji iligawanyika, na hapakuwa na alama. Bochaberi akatoa mfukoni kipande cha mwisho: NZE. Akanyoosha mkono kwenye tawi, lakini kayaki ilikwaruza tope. Maji yalikuwa yakipwa.

"Tugeuke, tusije tukakwama," alisema Faiz. "Hicho tutakifunga kesho, maji yakijaa."

"Kesho? Na boti ya Kiwayu?"

"Itaondoka. Manahodha wako wengi."

Bochaberi akakikunja kipande kile, akakirudisha mfukoni.