Njia ya Tawi la Tatu

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa nafunga ofisi, nimebeba chupa ya chai na mashuka mawili ya dada yangu. Alikuwa amelazwa tawi la pili la hospitali yetu, mimba ya miezi tisa, akisubiri upasuaji. Dada huyo ndiye aliyenilea. Simu ikaita.

"Fundi," alisema daktari wake, "majibu ya damu ya dada yako hayajafika."

"Maabara ya hapa makao makuu wameyatuma saa nzima iliyopita."

"Huku hakuna kitu. Na ameanza kuvuja damu. Bila majibu siwezi kumwongezea damu."

Majibu hayo hatusomeani kwa simu. Kuna mgonjwa aliwahi kutajiwa kundi la damu lisilo lake, na tangu hapo ni kwenye mfumo tu. Gari lingechukua saa mbili. Nikaweka chai chini, nikarudi chumba cha mitambo.

Matawi yetu huongea kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyochimbwa ndani ya intaneti. Data ikipotea, fundi hufuatilia vituo inakopita, kimoja kimoja. Nikaandika amri. Kituo cha kwanza, ruta yangu, mashine inayoelekeza data. Sawa. Kituo cha pili...

Tawi la tatu.

Nikacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Tawi la tatu liliungua miaka miwili iliyopita, zimebaki kuta nyeusi na nyasi. Ruta yake niliiona kwa macho yangu, imeyeyuka kama mshumaa.

Nikaifuta njia ile, nikaelekeza data moja kwa moja tawi la pili. Nikafuatilia tena. Tawi la tatu. Nikafuta. Ikarudi. Basi nikafanya kile mafundi tunachokiita kupiga hodi: unatuma kipande kidogo cha data, na mashine ikiwa hai inaitikia.

Iliitikia.

Ndipo nikasikia harufu ya waya unaoungua. Nikapapasa soketi zote, hakuna yenye joto. Simu ya mezani, ile ya ndani, ikawaka taa. Namba kwenye kioo ilikuwa ya chumba cha mitambo cha tawi la tatu. Sikutaka kuipokea. Nikamkumbuka dada, nikaipokea.

Mvumo... kisha pumzi ya mtu anayehangaika kupata hewa.

"Mdogo wangu... taratibu..."

Fundi wa tawi la tatu tulimwita Taratibu, maana hakuwa na kazi aliyoianza bila neno hilo. Ndiye aliyenifundisha kazi, tangu sijui hata kubana waya.

"Kaka," nikanong'ona, "dada yangu anakufa."

"Majibu yanafika kwangu... hayana pa kutokea. Ulisema dakika tano."

Hili sijawahi kumwambia mtu. Siku ya moto nilikuwa nabadilisha njia za matawi. Nikampigia Taratibu, nikamwambia namkata dakika tano kisha namrudisha. Bosi akaniita chai, maongezi yakanoga, nikasahau. Milango ya mitambo hufunguliwa kwa kadi, na kadi huomba ruhusa makao makuu kupitia njia ileile niliyoikata. Moto ulipowaka, mlango haukumfungukia. Wachunguzi waliandika hitilafu ya umeme. Hakuna aliyeniuliza habari za njia. Nilinyamaza, nikaenda mazishini, nikabeba jeneza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

"Nisamehe, kaka."

"Andika."

Nikaandika. Mstari mmoja wa kumrudishia njia, uleule niliopaswa kuuandika miaka miwili nyuma. Nilikosea mara mbili, nikafuta, nikaanza upya. Nilipobonyeza, nikasikia simuni mlio mfupi wa kadi, kisha kitasa kikifunguka.

Simu ikakatika.

Baada ya dakika tano daktari akapiga. Majibu yamefika, wanaingia chumba cha upasuaji.

Asubuhi nilimkuta dada amemlaza mtoto kifuani, wote wazima. Nililia bila aibu.

"Umshukuru na yule mwenzako," alisema kwa sauti ya chini.

"Mwenzangu yupi?"

"Fundi aliyekuja jana kutengeneza kompyuta ya wodi. Mpole, ila ananuka moshi. Akaniambia nitulie, njia imefunguka."

"Akaenda wapi?"

"Sijui. Aliniuliza siku hizi unakaa chumba gani kazini. Nikamwelekeza."

Tangu siku hiyo taa ya tawi la tatu kwenye mitambo yangu ni ya kijani, yaani njia iko hai. Leo bosi ameiona, ameniagiza niifute ile njia kabla sijatoka. Nikiifuta, nitakuwa nimemfungia mara ya pili. Nikiiacha, njia ni ya kwenda na kurudi. Jua linazama, wenzangu wameshaondoka, na ile harufu imeanza tena. Mlango nimeuegeshea kiti ili usijifunge.

Sasa hivi nimesikia kiti kikiburutwa.